Mkataba Ulio kwa Jina Lako

Shangazi,

Nimeandika shikamoo nikaifuta, kwa sababu hakuna wa kuniitikia. Kisha nikaona nitakuwa nimekosa adabu, na jinsi ulivyokuwa mkali kwa jambo hilo, hata huko uliko ungeweza kuninunia. Basi shikamoo, Shangazi.

Nakuandikia nikiwa Same, kwenye chumba changu cha nyuma ya stendi, kile ulichokuwa ukikiita kisanduku. Tangu asubuhi nimekaa, nimesimama, nimefua shuka ambalo halikuwa chafu, nimetoka kununua chumvi nikarudi na sabuni. Upepo wa hapa unaujua, unapiga mabati na kuleta vumbi mpaka kwenye kikombe cha chai. Ila leo sina ugomvi na upepo. Kilichoninyima utulivu wiki tatu hizi ni mkataba wako. Ulikuwa unaisha mwezi huu, na kampuni iliandika kuuliza kama utauhuisha.

Ndiyo, walikuuliza wewe. Walikuwa hawajui.

Mengi ya haya unayajua, lakini acha niyapange upya kuanzia mwanzo, huenda nikaona vizuri nilipopotea. Kampuni ile ya Dar es Salaam ilikuwa inatafuta mtu wa kutafsiri maelezo ya pampu za maji, mashine za kupukuchulia mahindi na dawa za mimea, kwa Kiswahili ambacho mkulima hatakiona kigeni. Wakasoma jaribio lako wakakuchukua, wewe mwalimu mstaafu wa kijijini kwetu Mhezi. Mfasiri wa kujitegemea, ndivyo mkataba ulivyosema, ukacheka ukauliza tangu lini mwanamke mwenye magoti mabovu kama yako akajitegemea. Kompyuta ulikuwa unaiogopa. Ukaniita mimi, mtoto wa kaka yako, niliyekuwa nimemaliza chuo nazurura na bahasha ya vyeti. Wewe ulisoma Kiingereza kwa sauti ukakigeuza, mimi nikaandika.

Baada ya mwaka mmoja aliyekuwa anakigeuza ni mimi, na wewe ulikuwa unasikiliza umefumba macho. Mwaka wa tatu ulikuwa hata hukai tena karibu. Ulikuwa jikoni unapika makande, mimi nasoma kutoka barazani, na sentensi ambayo haikukaa sawa uliisikia hata ukiwa unapuliza moto. "Hapo mama wa watu atakatika kidole," ulisema siku ya ile mashine ya kukatia majani ya ng'ombe. Na kweli, nilikuwa nimeiweka hatua ya kuzima injini chini ya hatua ya kuondoa majani yaliyokwama. Nilipandisha ile hatua juu, nawe ukaendelea na makande yako.

Jina kwenye mkataba lilibaki lako. Sikulalamika hata siku moja. Anwani ya barua pepe ilikuwa yako, laini ya malipo ilikuwa yako, na fungu langu ulinipa siku hiyohiyo. Nakiri nilipenda hivyo. Kazi ikikosolewa, aliyekosolewa ni wewe. Ikisifiwa, tulikunywa chai yenye tangawizi nyingi na yakaisha.

Halafu ukaondoka. Ulianguka jikoni msimu ule wa baridi, na kesho yake hukuwepo. Siku ya tatu baada ya mazishi, watu wakiwa bado wamejaa nyumbani, barua pepe ikaingia kwenye kompyuta. Habari za leo Mwalimu, kuna kazi ndogo ya haraka. Ilitoka kwa Rehema, yule mratibu wa kampuni uliyezoeana naye. Nilitaka kumjibu kwamba Mwalimu hayupo. Vidole vikaandika nzuri, tuma tu. Nikaifanya kazi ile chumbani kwako huku wanawake wakiosha masufuria nje, na nilipomaliza nilijisikia kama mtu aliyetoka kuzungumza nawe. Nilijiambia ni mara moja tu. Imekuwa miezi minane.

Sikujiona mwongo, na hili nataka ulisikie vizuri kabla hujanikemea. Nyumbani kwetu zamu ya maji ya ndiva, lile bwawa letu la kumwagilia, inaitwa kwa jina la Babu. Babu alizikwa mimi sijazaliwa. Lakini kila siku yetu inapofika, ndiva ikiwa imejaa na iko tayari kufunguliwa, mwenyekiti wa maji husema leo ni zamu ya Mzee Eliapenda, na sisi tunakwenda na majembe kuyaelekeza maji kwenye tangawizi na maharage. Sijawahi kusikia mtu akiuliza Mzee Eliapenda yuko wapi. Nimekulia humo. Kwa hiyo nilipokuwa najibu barua zako nilijiambia kwamba jina la mkataba nalo ni jina la zamu, linaweza kukaa hapo miaka na miaka, mradi wapo wenye mikono ya kufanya kazi. Nilikuwa nimeridhika kabisa na maelezo yangu.

Sasa sheria za kodi zimebadilika. Sizielewi zote, na Rehema mwenyewe anazieleza kama mtu aliyeelezwa jana. Kwa ufupi, kampuni imesema haitaweza tena kuwalipa watafsiri wa nje kwa mtindo wa zamani. Kila mmoja awe amesajiliwa kwa jina lake, awe na namba yake ya mlipakodi inayooana na kitambulisho cha taifa, kodi ikatwe kabla hajalipwa, na mwisho wa mwaka apeleke ritani, ile fomu ya kutaja mapato yake, hata kama hakupata kazi. Juu ya hayo wameongeza la kwao. Kila anayehuisha mkataba ajipige picha akiwa ameshika kitambulisho chake chini ya kidevu. Yako walikuwa wanaisubiri. Nilikitoa kitambulisho chako nikakitazama, umenuna kwa sababu mpiga picha alikuambia uvue kilemba. Nilicheka peke yangu humu ndani, kisha nikakirudisha kwenye bahasha.

Nikaenda Hedaru kwa Elisante. Mwanao ni yuleyule, anahudumia wateja watatu kwa mpigo kwenye duka lake la vipuri vya pikipiki na hamalizi sentensi na hata mmoja wao. Tangu uondoke fungu lako nilikuwa nampelekea yeye, naye alidhani kampuni inajua. Nilipomwambia haijui, aliweka chini boksi la plagi alilokuwa amebeba, akanitazama, kisha akapata jibu haraka kuliko nilivyotarajia. Mkataba mpya uandikwe kwa jina lake. Namba ya mlipakodi anayo ya duka, ritani anazijua, kijana wa kumfanyia mahesabu anaye. Mimi niendelee na kazi yangu kama zamani, hakuna atakayenisumbua.

"Wewe tulia tu, mdogo wangu," alisema. "Makaratasi niachie mimi."

Usimfikirie vibaya. Ana watoto shule, na aliona kweli ananitua mzigo. Kilichonitisha ni jinsi nilivyofurahi. Nilikunywa soda ya baridi pale dukani nikajisikia mwepesi, nikamtania na tumbo lake, nikacheka na wateja wake. Ni mpaka niliposimama barabarani nasubiri basi la kurudi, malori yakipita, ndipo nikaanza kukasirika, na nilikuwa sijui namkasirikia nani. Nina miaka thelathini na mmoja. Nimetafsiri maelezo ya mashine ambazo pengine watu wanazitumia kutoka Bendera mpaka Kigoma, na hakuna karatasi hata moja duniani inayosema nimefanya kazi.

Siku mbili baadaye nikaenda ofisi ya kodi hapa Same. Nikakaa kwenye benchi kati ya fundi seremala na mama mmoja mwenye mgahawa, nikasikiliza watu wa mbele yangu wanavyoulizwa. Unafanya kazi gani. Wapi. Tangu lini. Hilo la tangu lini ndilo lililoniinua. Wamebaki watu wawili nifike, nikajifanya nimepigiwa simu, nikatoka nje nimeiweka sikioni naitikia haya, haya, haya, mpaka sokoni. Nikanunua nyanya za watu wanne wakati nakula peke yangu.

Hapo ndipo nilipokukasirikia wewe. Nakuambia kwa sababu sina mwingine wa kumwambia. Miaka sita, Shangazi, hukuwahi kumwambia Rehema kwamba uko na mtoto wa kaka yako na kwamba siku hizi kazi anafanya yeye. Ulikuwa unajua. Nilikuuliza mara moja tu, tunachambua maharage, nikauliza kama mzaha, kwa nini hunitaji kwa hao watu wa Dar. Hukuacha kuchambua. "Utajitaja mwenyewe siku ukichoka kukaa nyuma yangu," ulisema. Nilidhani unanitania. Nilirudi na nyanya zangu nikizungumza peke yangu njiani, nakuuliza ulikuwa unasubiri nini, na kwa nini hukunisukuma, na nani alikuambia nitakuwa na muda wa kuchoka.

Jumamosi ikawa siku ya msaragambo, kazi ya kijiji kizima, ya kuzoa tope kwenye ndiva. Nyumba isiyotoa mtu inatozwa faini, nawe tangu uliporudi kwetu baada ya kufiwa ndiye uliyekuwa ukienda, magoti na yote. Nikapanda Mhezi. Kulikuwa na ukungu, watu wamejifunga mashuka juu ya makoti, majembe yamesimama. Mwenyekiti wa maji bado ni Baba Zakayo, jirani yako. Akaita zamu moja moja, na alipofika kwa Mzee Eliapenda nikaitikia kutoka nyuma kama tulivyozoea. Akaniambia nisogee, nije kwenye daftari.

Daftari lile sijawahi kuliona ndani. Wewe uliliona miaka yote hukuniambia. Jina la Babu limeandikwa upande wa kushoto kwa wino uliopauka. Mbele yake, upande wa kulia, kuna majina mengine. La Bibi limepigwa mstari. La Baba Mkubwa limepigwa mstari. Chini yake lako, halijapigwa.

Kumbe zamu inaitwa kwa jina la Babu, lakini siku zote kuna mtu aliye hai ameandikwa mbele yake. Huyo ndiye anayeulizwa tope likijaa, ndiye anayegombana na wa zamu inayofuata, ndiye anayetozwa. Mimi nilikua nikidhani hakuna anayeuliza, kumbe walikuwa wanauliza kila wiki na aliyekuwa anajibu ni wewe. Miezi minane nimejificha nyuma ya desturi ambayo sikuwahi kuijua. Nilisikia masikio yanawaka kwenye baridi ile.

Baba Zakayo alikuwa na kalamu mkononi. Hakuweka sauti ya msiba, alikuwa na orodha ndefu na watu wanatetemeka.

"Mama Elisante siwezi kumtoza faini tena," alisema. "Hapa namwandika nani?"

Nikamwambia aniandike mimi. Akapiga mstari juu ya jina lako, taratibu, kwa kutumia ukingo wa kitambulisho chake ili unyooke, na nilitaka kumshika mkono. Sikumshika. Nikaingia kwenye tope nikachota mpaka mchana, mgongo ukakataa, mama mmoja akanipokonya jembe akaniambia nisije nikajiua mbele za watu. Wakati wa kushuka nilipita kaburini kwako lakini sikukaa, niliogopa utaniuliza swali.

Jumatatu nikamwandikia Rehema. Kwanza niliandika barua ndefu, yenye ndiva na Babu na daftari na wewe unavyopika makande. Nikaisoma nikaona naomba kuhurumiwa. Nikaifuta yote nikaandika sentensi nne. Kwamba Mwalimu amefariki miezi minane iliyopita. Kwamba kazi zote tangu wakati huo nimezifanya mimi, mtoto wa kaka yake, nikijibu kwa jina lake. Kwamba nilikosea na naomba radhi. Kwamba wakikubali, naomba nipimwe kama mfasiri mpya, na nitajisajili mwenyewe kama mlipakodi.

Sentensi ya kwanza ilinichukua muda kuliko kijitabu kizima cha pampu ya sola. Angalia hata kwenye barua hii, Shangazi, nimekuwa nikisema uliondoka, hukuwepo, huko uliko. Kule kwa Rehema ilibidi niliandike neno lenyewe. Niliandika, nikaenda kunywa maji, nikarudi nikalikuta bado lipo.

Elisante nilimpigia. Alisema nimetupa chetu sote wawili kwa ajili ya kujionyesha. Nikamwambia sitakaa tena chini ya jina la mtu, hata la kwake, hata la kwako. Akakata simu. Siku ya pili akatuma ujumbe kuuliza kama nataka yule kijana wake wa mahesabu anifundishe kujaza ritani. Ni mwanao kweli, hasira zake hazilali mara mbili.

Rehema hakujibu siku tatu. Siku hizo usiniulize nilizipitishaje. Nilipanga nguo, nikazipangua. Nilikwenda mpaka stendi kutazama mabasi bila safari yoyote. Kisha jibu likaja. Pole sana kwa msiba, ndivyo lilivyoanza. Alisema ulikuwa ukimsahihisha Kiswahili chake kwenye barua na alikuwa anajiuliza kwa nini siku hizi umeacha. Alisema wakubwa wake hawakufurahi, na ni haki yao. Mkataba wako umefungwa, hauwezi kuhuishwa. Kazi zote zimesimama. Wameniruhusu nifanye jaribio kama mtu mwingine yeyote, na nikifaulu utakuwa mkataba wa miezi mitatu, masharti ya mgeni, kodi ikikatwa kule kule. Hakuna ahadi.

Halafu chini kabisa akaomba nimtumie jina langu kamili, maana sikuliandika. Aliongeza, kwa upole kabisa, kwamba barua inayosema Mwalimu amefariki imesainiwa na Mwalimu.

Nilirudi kuitazama. Kweli. Sentensi nne za kukiri, na mwisho wake, kwa mazoea tu, jina lako na cheo chako. Nilicheka mpaka nikashika meza. Nilijua jinsi ambavyo ungecheka wewe, ungejipiga mapaja, ungekwenda kuwahadithia nyumba tatu za jirani. Na katikati ya kucheka nikalia, Shangazi. Sikulia mazishini, unajua, nilikuwa nahesabu sahani. Sikulia miezi yote hii, kwa sababu kila asubuhi palikuwa na mtu wa Dar anayekusalimia na wewe unamjibu. Nilikuwa nimekuzuia usife kwa barua pepe. Nililia mpaka mama mwenye nyumba akagonga akauliza kuna nini, nikamwambia nimefiwa na shangazi yangu. Akaniuliza lini, nikamwambia ni siku nyingi kidogo. Akaingia akakaa nami.

Kesho yake nikarudi ofisi ya kodi, nikakaa benchi mpaka zamu yangu ikafika. Dada wa dirishani aliuliza nafanya kazi gani, nikasema mfasiri. Wa kampuni gani? Nikasema wa kujitegemea. Tangu lini? Nikamwambia miaka sita, na kwamba nilikuwa nafanya na shangazi yangu kwa jina lake, ambaye amefariki. Aliinua macho, akasema pole, akanieleza yaliyopita nitayatolea maelezo kwa maandishi na yanayokuja nitayajaza kila mwaka. Nilikuwa nimejiandaa kwa mengi, ila si kwa kujibiwa kama mtu mzima mwenye kazi yake. Niliondoka na namba. Sina mkataba, sina kazi mezani, lakini ritani nitadaiwa.

Jaribio nimelituma jana. Ni maelezo ya mashine ya kusagia tangawizi. Labda nitashindwa. Wasipolitaka nitawaandikia wengine, wapo wanaotengeneza pampu, wapo wanaouza dawa, na wote Kiswahili chao kwenye makopo kinatia huruma. Naogopa, sikufichi. Mguu wangu hautulii chini ya meza hata sasa ninapoandika.

Leo mchana nimeifunga anwani yako ya barua pepe. Kompyuta iliniuliza kama nina uhakika, nikabonyeza hapana, nikatoka nje, nikarudi, nikabonyeza ndiyo. Kwa hiyo barua hii sina pa kuituma. Nitaichapa niipandishe Mhezi Jumamosi ya zamu yetu, nikusomee nikisubiri maji yafike shambani, na safari hii nitakaa.

Nakuahidi mambo mawili tu, maana ukipewa ahadi nyingi ulikuwa unasinzia. Tope la ndiva nitalizoa, na kazi yangu, ikiwa nzuri au mbovu, atakayelaumiwa ni mimi. Sitamjibu tena mtu yeyote kwa jina lako.

Umefariki, Shangazi. Pumzika. Barua hii nimeisaini mwenyewe, nimeangalia mara mbili.

Mtoto wa kaka yako,
Namsifu